Moyo unaokimbia ukisimama na moyo unaoruka pigo: kuishi na vyote viwili

Swali: Daktari, nina miaka 31. Mwaka jana niligundulika nina POTS, yaani moyo kukimbia kupita kiasi kila ninaposimama: nikiwa nimelala moyo unapiga 72 kwa dakika, nikisimama unafika 125. Tangu miezi minne iliyopita limezuka jingine. Moyo unaruka, unanyamaza kidogo, halafu unagonga kifuani kama ngumi. Holter, kile kifaa cha kuvaa kinachorekodi umeme wa moyo, kwa saa 24 imehesabu mapigo 108,000, na 6,200 kati yake ni ya ziada kutoka ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo. Eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) imetoka safi. Daktari mmoja ananishauri nianze ivabradini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo; mwingine ametaja kuunguza ndani ya moyo. Mama anasisitiza kuwa chumvi ninayokula ndiyo inayoniharibu. Saa yangu ya mkononi nayo mara inaandika 130, mara 44, na hiyo 44 inaninyima usingizi. Nishike lipi, niache lipi?

Jibu: Pole, dada. Barua yako imefunga mambo mawili katika furushi moja, na nadhani ndiyo maana madaktari wawili wamekupa majibu mawili. Kasi ya moyo ni jambo moja, mpangilio wa mapigo ni jambo jingine. POTS ni tatizo la kasi: umeme wa moyo unapita njia yake ya kila siku, ila moyo unalazimika kukimbia kila unaposimama. Mapigo ya ziada ni tatizo la mpangilio: kipande fulani cha misuli ya moyo kinapiga kabla ya zamu yake. Dawa inayotuliza la kwanza inaweza isiguse la pili kabisa, na zipo zinazolichochea. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kidonge chochote, jifunze kujua ni lipi linalokusumbua kwa wakati huo.

Tuanze na kusimama. Mtu akiinuka, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi hushuka tumboni na miguuni ndani ya sekunde chache. Kwa kawaida mishipa hujikaza, moyo unaongeza mapigo 10 hadi 20, mambo yanaendelea. Kwenye POTS ama mishipa ya chini haijikazi vya kutosha, ama damu yenyewe ni pungufu mwilini, ama neva zinamwaga adrenalini kupita kiasi. Mara nyingi ni mchanganyiko wa hayo. Moyo unafidia kwa kukimbia. Kipimo kinachokubalika ni mapigo kupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama (40 au zaidi kwa wenye miaka 12 hadi 19), presha ya juu isishuke kwa 20 wala ya chini kwa 10, na dalili ziwe zimedumu angalau miezi 3. Wewe umepanda kwa 53, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Ila ubishi unaweza kuwa kwenye sababu: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au mwili kukauka maji huleta picha ile ile. Kama hujapimwa hemoglobini, feritini (akiba ya chuma), TSH (kipimo cha tezi ya shingo), potasiamu na magnesiamu tangu mapigo ya ziada yaanze, hivyo ndivyo vipimo vya kuomba kwanza. Ni vya bei ndogo kuliko vyote vitakavyofuata, na wakati mwingine vinamaliza kesi.

Sasa kipimo cha nyumbani, maana utakihitaji kila dawa inapobadilishwa. Kifanye asubuhi, kabla ya chai, na mtu mwingine awepo chumbani. Lala chali dakika 10. Pima presha na mapigo mara mbili. Simama, visigino viwe kama sentimita 15 kutoka ukutani, egemeza mabega kwenye ukuta, halafu tulia. Andika mapigo kila dakika hadi ya 10, na presha katika dakika ya 1, 3, 5 na 10. Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni madogo madogo: kubadilisha mguu, kukunja vidole vya miguu, kuzungumza. Misuli ya vigimbi ni pampu. Ukiichezesha inarudisha damu juu na namba zinatoka nzuri kuliko hali halisi. Ukiona giza machoni, lala chini mara moja na uandike dakika uliyofikia. Hayo nayo ni majibu. Usisimamishe dawa yako ili kupata kipimo safi bila kuongea na daktari, hasa propranololi na ndugu zake, zile za kupunguza nguvu ya adrenalini, kwa kuwa zikikatwa ghafla moyo huruka juu kuliko ulivyokuwa.

Kwa mtu mwenye mapigo ya ziada kuna jambo moja la kuongeza: usiamini namba ya mashine ya presha peke yake. Hesabu kwa vidole. Weka vidole vitatu upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Watu wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Moyo ukiruka mara moja katika sekunde hizo 15, tayari umekosea kwa mapigo 4. Na presha yenyewe pima mara tatu, dakika moja katikati, uchukue wastani, kwa sababu pigo dhaifu likiangukia wakati mkanda unapolegea mashine husoma chini au huandika kosa.

Ukiwa na vidole hapo mkononi utasikia hivi: pigo, pigo, pigo, kimya, KISHINDO. Kile kimya ndicho kinachotisha watu, wakidhani moyo umesimama. Haujasimama. Pigo la ziada limetokea mapema, ventrikali ikiwa haijajaa, likasukuma damu kidogo mno ambayo haikufika kwenye kifundo cha mkono. Baada yake umeme husubiri zamu inayofuata, ventrikali inapata muda wa kujaa kuliko kawaida, na pigo linalokuja linatoka na damu nyingi. Ngumi unayoisikia, kwa hiyo, ni pigo lako zima. Pigo lenye kasoro ndilo lile usilolisikia.

Hiyo ni hali moja. Hali ya POTS yenyewe inaanza tofauti: mapigo yanapanda ngazi kwa ngazi ndani ya sekunde kadhaa hadi dakika, yamepangika kama saa ya ukutani, na ukilala yanashuka polepole vile vile. Ipo ya tatu, SVT, ambapo umeme hujizungusha kwenye njia fupi ndani ya moyo. Hiyo huwaka kama swichi, mara nyingi kati ya 150 na 220, inaweza kukukuta umekaa au umelala, na huzimika kama swichi. Ya nne ni fibrilesheni ya atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kupiga. Mkononi hakuna mpangilio wowote, si wa haraka wala wa taratibu. Katika daftari lako andika kila tukio kwa mstari mmoja: saa, ulikuwa umelala, umekaa au umesimama, lilianza ghafla au polepole, namba ya vidole, liliisha vipi. Mistari ya wiki mbili ya namna hiyo humsaidia daktari wa moyo kuliko nusu saa ya kueleza kwa mdomo.

Rudi kwenye Holter yako. Mapigo 6,200 yanatisha kuyasikia, ila gawanya kwa 108,000: unapata karibu asilimia 5.7. Chini ya asilimia 10, eko ikiwa safi, kwa kawaida moyo haudhuriki. Wasiwasi wa misuli ya moyo kuchoka huanza mapigo ya ziada yakifika asilimia 10 hadi 15 na kuendelea, tena yakidumu muda mrefu. Kuna mambo matatu kwenye ripoti hiyo ambayo pengine hayakusomwa kwako, nawe uyaulize. La kwanza, je, mapigo hayo yana umbo moja au maumbo mengi? Umbo moja maana yake yanatoka sehemu moja. La pili, je, yapo yaliyofuatana matatu au zaidi bila pigo la kawaida katikati? Hayo hubadilisha mazungumzo yote. La tatu, na hili ndilo litakaloamua dawa: yanatokea zaidi moyo ukiwa unakwenda kasi au ukiwa umepoa?

Hili la tatu linafaa kuelezwa. Kwa baadhi ya watu mapigo ya ziada huletwa na adrenalini. Wakisimama, wakikimbia, wakigombana na mtu, yanaongezeka. Kwa wengine ni kinyume chake: moyo ukikimbia hayapati nafasi, ila dakika chache baada ya kukaa, au usiku kitandani, yanajitokeza moja baada ya jingine. Mwenye POTS wa kundi hili la pili hutoka kwenye mateso ya kusimama akaingia kwenye mateso ya kulala, ndiyo maana anasema hana saa ya kupumzika. Kundi la kwanza husaidiwa vizuri na dawa za kupunguza nguvu ya adrenalini. Kundi la pili likipewa dawa ya kupoza moyo, mapigo ya ziada yanaweza hata kuongezeka, mgonjwa akadhani dawa imemwumiza moyo kumbe imeyafungulia mlango tu.

Tuje kwenye chumvi, maana mama naye ana hoja. Kwa watu wengi duniani yuko sahihi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku. POTS ni moja ya hali chache ambazo ushauri unageuka, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Maji bila chumvi yanaishia chooni baada ya saa moja. Chumvi bila maji inakupa kiu na kichwa kuuma. Kiwango kinachotajwa na wataalamu wa mapigo ya moyo ni jumla ya gramu 10 hadi 12 za chumvi kwa siku, pamoja na maji lita 2 hadi 3. Jumla hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye chakula. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kikiwa kimesawazishwa, kina karibu gramu 6. Usirukie huko kwa siku moja. Ongeza nusu kijiko cha chai kwa siku, kigawanye kwenye milo mitatu, kaa wiki moja, pima presha ukiwa umelala, kisha uamue kupanda. Presha ya kulala ikivuka 140/90, rudi ulikotoka na umwone daktari. Mwenye ugonjwa wa figo, presha ya kupanda, au moyo uliochoka asiguse ushauri huu kabisa. Na hapo ndipo eko yako safi inapokuwa na maana: bila hiyo ningekuwa upande wa mama.

Kwa mwenye mapigo ya ziada napendelea sehemu ya chumvi hiyo ije kupitia ORS, ile ile ya kutibu kuhara. Pakiti ya lita moja ina chumvi ya kawaida gramu 2.6 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9, sodiamu yake yote ni sawa na ya chumvi gramu 4.4 hivi. Ndani yake mna pia kloridi ya potasiamu gramu 1.5, na potasiamu ndiyo inayotuliza umeme wa moyo. Vidonge vya chumvi tupu havina hiyo, na wengi huwachafua tumbo. Kuna mtego mmoja: chumvi mbadala, zile zinazouzwa kwa watu wenye presha. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu. Hazitakusaidia kusimama, na ukizila kwa vijiko, hasa kama figo hazipo sawa au unatumia spironolaktoni (dawa inayobakiza potasiamu mwilini), potasiamu inapanda kiasi cha kuhatarisha moyo.

Namna ya kunywa nayo ina kanuni. Weka nusu lita ya maji kando ya kitanda usiku. Asubuhi inua kichwa tu, inywe yote ndani ya dakika chache, ubaki kitandani kama dakika 15. Maji yanayonywewa kwa mkupuo namna hiyo hupunguza kukimbia kwa moyo kwa muda, na nguvu yake hufika kileleni karibu na nusu saa. Wakati unasubiri, kunja na kunjua vifundo vya miguu mara 30. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika 2. Kisha inuka ukiwa umeshika kitu. Asubuhi ndiyo wakati mbaya kuliko yote kwa POTS, kwa sababu usiku umepoteza maji na chumvi kwa mkojo. Ndiyo sababu tunainua pia upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 10 hadi 15: vipande vya mbao au matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito haifanyi kazi hiyo. Inakunja shingo tu na mwili unabaki ulalo ule ule.

Soksi za kubana zinazoishia magotini hazisaidii sana, maana sehemu kubwa ya damu inayopotea iko tumboni na mapajani. Tafuta zinazofika kiunoni, nguvu ya milimita 30 hadi 40 za zebaki, au 20 hadi 30 kama zile za kwanza huzivumilii, na mkanda wa tumbo juu yake. Zivae kabla ya kushuka kitandani.

Milo mikubwa yenye wanga mwingi huvuta damu kwenye utumbo, tumbo likijaa gesi kiwambo kinasukumwa juu, na mapigo ya ziada huongezeka kwa sababu zote mbili. Kula kidogo mara tano au sita.

Sasa dawa. Nitasema ninavyoona mimi, ila uamuzi ni wa daktari anayekushika mkono, akiwa na ECG yako, yaani mchoro wa umeme wa moyo, mbele yake.

Propranololi kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 20 kila mara, mara mbili hadi nne kwa siku, ina faida ya kugusa matatizo yako yote mawili, ikiwa mapigo yako ya ziada ni yale ya adrenalini. Kwenye POTS dozi ndogo hufanya vizuri kuliko kubwa. Ukifika miligramu 80 kwa mkupuo namba zinapendeza lakini mtu amechoka, hawezi kupanda ngazi. Mwenye pumu hapewi. Presha yako ya kawaida ikiwa chini ya 90 ya juu, ni ngumu kuivumilia.

Ivabradini ni dawa nzuri ya POTS, nami siipingi. Inafanya kazi mahali pamoja tu, kwenye nodi ya sainasi, ile swichi kuu ya moyo, na haishushi presha. Kawaida huanzwa miligramu 2.5 au 5 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, na mwisho ni 7.5 mara mbili. Lakini elewa maana ya “mahali pamoja tu”. Mapigo yako ya ziada yanatoka ventrikali. Ivabradini haifiki huko. Ukiianza ukitegemea ngumi za kifuani zitaisha, utakata tamaa bure. Isitoshe, inaongeza kidogo uwezekano wa kupata fibrilesheni ya atiria, na hiyo ikitokea dawa haina kazi tena, inasimamishwa. Haitumiki na klarithromaisini, ketokonazoli, verapamili wala diltiazemu, wala na juisi ya balungi. Haitumiki na mimba, kwa hiyo kwa umri wako panga uzazi wa mpango kwanza. Wapo wanaoona mwanga unamulika machoni wakitoka gizani, hasa miezi miwili ya mwanzo. Hautishi, ila usiendeshe gari usiku kabla ya kuuzoea. Kwa hiyo ningeiweka ya pili: kama propranololi imekuchosha au presha haikuiruhusu.

Fludrokotisoni hubakiza chumvi mwilini, lakini hulipa kwa kutupa potasiamu kwenye mkojo. Hapo ndipo watu wenye matatizo mawili huumia. Mtu anaanza miligramu 0.1, wiki ya pili anasimama vizuri, wiki ya nne moyo unaanza kuruka mara tatu ya mwanzo, na kila mmoja analaumu POTS. Ukipewa hiyo, pima potasiamu baada ya wiki moja hadi mbili na kila dozi ikibadilishwa; wenye mapigo yasiyopangika tunapenda iwe 4.0 au zaidi. Magnesiamu pia iangaliwe, hasa kama umekuwa ukimeza omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, kwa miezi mingi, kwani hiyo huishusha taratibu bila dalili.

Midodrini hukaza mishipa, miligramu 2.5 hadi 10 mara tatu kwa siku, ya mwisho angalau saa 4 kabla ya kulala, la sivyo presha inapanda ukiwa kitandani. Inakupa vinyweleo kusimama na kichwa kuwasha, ni kawaida. Piridostigmini hupoza moyo kidogo bila kugusa presha, ila huharisha wengine, na kuhara kunaondoka na potasiamu ile ile tuliyoihangaikia.

Na zile dawa usizozihesabu kama dawa: vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini na salbutamoli ya kuvuta vinaongeza kasi. Ondansetroni ya kichefuchefu, azithromaisini na baadhi ya dawa za sonona hurefusha muda wa umeme wa moyo kujichaji upya, unaoitwa QT kwenye ECG, jambo lisilofaa kukutana na potasiamu ndogo na moyo uliopozwa. Kila mara unapoandikiwa kitu kipya, sema sentensi moja: “Nina POTS na mapigo ya ziada ya ventrikali, je, hii inagusa QT?” Atakayejua atajua.

Kuunguza, ambako hospitali huita ablesheni, nakuomba umuulize huyo daktari: kuunguza nini? Neno hilo linabeba mambo matatu. Kuunguza chanzo cha mapigo ya ziada ni tiba halali yakivuka asilimia 10 hadi 15, au yakianza kudhoofisha moyo, au dawa zikishindwa na maisha yakawa hayakaliki. Kwako, asilimia 5.7 na eko safi, bado. Kuunguza njia ya SVT hufanikiwa kwa wengi mno, ila lazima SVT iwe imenaswa kwenye ECG, kwako haijaonekana. Kuunguza nodi ya sainasi ili kupunguza kasi ya POTS ni jambo la kukataa. Makubaliano ya wataalamu yaliyotolewa na Heart Rhythm Society mwaka 2015 yanashauri kutolifanya. Kasi hiyo ndiyo fidia ya mwili. Ukiiondoa, damu inabaki miguuni vile vile, kizunguzungu kinabaki, na baadhi huishia kuwekewa kifaa cha kuendesha moyo.

Mazoezi ni tiba, wala si hiari, lakini anza ukiwa chini. Baiskeli ya kuegemea, kuogelea, mashine ya kupiga kasia. Dakika 5 hadi 10 mara tatu kwa wiki kama umedhoofika, ukipanda taratibu hadi 30. Mazoezi ya nguvu ya miguu mara mbili kwa wiki. Kusimama wima kuje mwezi wa pili au wa tatu. Usifuate namba ya mapigo, maana kwako inadanganya. Tumia sauti yako: uweze kusema sentensi fupi bila kuhema. Mapigo ya ziada yakipotea moyo ukichangamka, hiyo ni dalili njema. Yakiongezeka kadri unavyokazana, au yakija kwa mfululizo, simama na uombe kipimo cha ECG ukiwa kwenye mashine ya kukimbilia.

Ikitokea siku moyo umewaka kama swichi zaidi ya 160, na daktari alishathibitisha kuwa ni SVT, kuna njia iliyojaribiwa Uingereza na kuchapishwa 2015. Kaa nusu umeegemea, puliza kwa nguvu sekunde 15 kama mtu anayejaribu kusukuma kipini cha sirinji ya mililita 10 kwa pumzi, kisha mtu akulaze chali haraka na kuinua miguu yako nyuzi 45 kwa sekunde 15. Katika jaribio hilo watu 43 kati ya 100 walirudi kawaida, dhidi ya 17 kwa kupuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu. Kwa kasi ya POTS zoezi hili halina kazi; huko kulala na kuinua miguu kunatosha.

Nenda hospitali bila kusubiri daftari ukizimia ukiwa unakimbia au umelala, ukizimia bila onyo lolote, kifua kikikubana, moyo ukikaa juu ya 150 kwa zaidi ya nusu saa ilhali umelala, au mdomo, mkono au usemi ukilegea upande mmoja. Na kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, mwambie daktari hata kama hajakuuliza.

Imebaki saa yako na ile 44. Saa hizi humulika mwanga kwenye ngozi na kuhesabu kila damu inapopita. Pigo la ziada, tulivyoona, halifikishi damu ya kutosha mkononi. Kuna vipindi ambapo kila pigo la kawaida hufuatwa na la ziada; moyo unapiga 88, mkono unapata nusu, saa inaandika 44. Usiku ikikuamsha tena, weka kiganja cha mkono mmoja kifuani upande wa kushoto na uhesabu dakika nzima huku saa ikiwa kwenye mkono mwingine. Kifuani ukipata 80 na kitu, saa imehesabu nusu. Kama ina ECG, rekodi sekunde 30 hapo hapo uzihifadhi kwa ajili ya kliniki, kisha geukia ubavu wa kulia, kwa kuwa ubavu wa kushoto huusogeza moyo karibu na mbavu na kila kishindo kinasikika zaidi. Kifuani napo ukipata 44, na una kizunguzungu, au umeanza propranololi ama ivabradini karibuni, usimeze dozi inayofuata kabla ya kuongea na daktari. Na kama unakaribia kuzimia, nenda usiku huo huo.